Mke, mama, mwalimu: mwandike mapema, na umwandike yeye mwenyewe

Wasifu wa marehemu huandikwa haraka. Mmoja anashika kalamu, mwingine anataja mwaka wa kuzaliwa, mwingine anakumbuka shule alizosoma na alizofundisha, na mwishoni linaongezwa neno kwamba alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu. Wa mke wangu ulisomwa mbele ya umati, na hakuna hata mstari mmoja uliokuwa wa uongo. Lakini ungebadilisha jina tu, ungefaa kusomwa kwenye msiba wa mtu mwingine.

Silaumu. Dakika 5 za kusoma taratibu hubeba maneno machache, na ni haki yaende kwenye tarehe, ukoo na shukrani. Ninachokusihi, wewe uliyefiwa na mke aliyekuwa mama wa watoto wako na mwalimu wa watoto wa wenzako, ni usiuache wasifu ule uwe ndiyo maandishi pekee yaliyobaki juu yake. Mwandike tena, kwa utulivu, na uanze mapema.

Anza na sauti. Watu hukimbilia picha, ilhali picha ndugu na marafiki wanazo. Sauti mara nyingi imo ndani ya simu moja tu, katika ujumbe wa kawaida kabisa: anauliza umefika wapi, anamkumbusha mtoto kuanua nguo. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Google nayo inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka 2, pamoja na barua pepe na picha zilizomo. Namba ya simu iliyokaa kimya muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo nakili kila ujumbe wa sauti, uuhifadhi mahali pawili tofauti, na usichague ulio mzuri ukaacha mwingine. Ninaoupenda kuliko yote ni ule anaopanda ngazi huku anahema, anaanza kuniambia jambo, linamtoka kichwani, anacheka, anakata.

Kwa picha nina machache. Nyuma andika majina ya waliomo kwa penseli laini bila kukandamiza, maana wino huweza kugandia picha iliyolaliana nayo. Ya ukutani iwe nakala, kwa sababu mwanga wa jua hupausha rangi.

Kisha waendee watu, na uwasikilize mmoja mmoja. Jambo hili nalitilia mkazo. Mkikaa kundi, anayeongea kwanza ndiye anayewakumbusha wengine, na baada ya nusu saa wote wanasimulia tukio lilelile kwa maneno yaleyale. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na huchanganyika na tulichosikia jana. Kila mtu akiwa peke yake atakupa chake, hata kama kinapingana na cha mwenzake. Dada yake anashikilia kwamba utotoni alikuwa mwoga. Mama yao anasema hakuwahi kumwona akiogopa kitu. Nimeyaandika yote mawili, na sijaona sababu ya kuamua nani yuko sahihi.

Wanafunzi wake ndio walionipa nisichokijua kabisa. Mume humwona mwalimu akiondoka asubuhi na akirudi jioni na mzigo wa madaftari. Katikati ya hapo kuna maisha mazima ambayo hakuyashuhudia. Ila ukimwuliza mwanafunzi, "Mwalimu wako alikuwaje?" atakujibu "Alikuwa mwema," na mazungumzo yameisha. Uliza kitu kinachoonekana. Alipenda kusimama upande gani wa darasa? Ukichelewa, alikufanyaje? Siku ya zamu yake mlijuaje kwamba ni yeye? Ukikosea hesabu ubaoni, alisema neno gani?

Swali hilo la mwisho nilimwuliza kijana mmoja ambaye sasa ni mtu mzima na familia yake. Akanisahihisha: siku anayoikumbuka hakukosea, alipatia. Alitaja jibu kwa sauti kubwa, akangoja sifa. Mwalimu akamtazama akamwuliza, "Umejuaje?" Kimya. Darasa zima likageuka kumwangalia. Hakuweza kueleza. Basi akampa chaki, yeye mwenyewe akaenda kuketi kwenye dawati la kijana, akakunja mikono juu ya meza kama mwanafunzi, akasema, "Haya, nifundishe." Ilimchukua kipindi kizima, akifuta na kuanza upya, na mke wangu hakuinuka.

Niliposikia hayo nililia mbele yake bila haya, kwa sababu "Umejuaje?" ndilo swali la nyumbani kwetu. Watoto waliulizwa walipokuja kushtakiana. Mimi niliulizwa kila nilipoleta habari za watu. Nilidhani ni swali letu sisi, kumbe alikuwa mtu mmoja tu kote alikokwenda. Jambo la namna hii hulipati mpaka uweke masimulizi ya nyumbani na ya shuleni kwenye ukurasa mmoja.

Tafuta pia maandishi ya mkono wake. Maandalio ya masomo, daftari lililosahauliwa kurudishwa, karatasi za mtihani. Mke wangu alisahihisha kwa kalamu ya kijani na aliandika sentensi kamili pembeni: "Hapa ulikaribia. Rudia hatua ya pili, taratibu." Daftari lenye sentensi hiyo silitoi kwa mtu yeyote, ingawa nakala natoa.

Kwa watoto, tumia neno lenyewe: mama amekufa. Ukimwambia mdogo kwamba mama amelala, anaweza kuogopa kulala. Ukimwambia amesafiri, atangoja arudi. Watoto wadogo bado hawaelewi kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo watauliza tena na tena, nawe jibu tena na tena. Usishtuke mtoto akilia kisha dakika chache baadaye akatoka kucheza. Huzuni yao huja na kuondoka. Kila mtoto ana mama yake. Mkubwa wetu alimjua mama kijana aliyeshindana naye mbio. Mdogo alimjua mama mgonjwa aliyesoma hadithi akiwa amelala chali. Mmoja akasema, "Mama alikuwa mkali," akanitazama kuona kama nitakataa. Alikuwa mkali kweli. Limeandikwa.

Sehemu ya mke ndiyo ngumu kuliko zote, na hapa ushauri wangu ni mfupi: si lazima yote yawe ya kusomwa na watu. Mimi nina daftari langu peke yangu.

Utaambiwa usahau, usonge mbele. Wanaosema hivyo wanakupenda, lakini usiwafuate kwa hilo. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari maarufu aliyechunguza akili na hisia za watu, aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni moyo kumwachia taratibu aliyekufa. Mwaka 1920 akafiwa na binti yake Sophie, na mwaka 1929, siku ambayo binti huyo angetimiza miaka 36, alimwandikia rafiki yake aliyefiwa na mwana kwamba pengo la namna hiyo halipati wa kuliziba, na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Watafiti wa miaka ya 1990 nao walieleza kuwa waliofiwa wengi hubaki na uhusiano na marehemu wao huku maisha yakiendelea vizuri. Kwa hiyo nikimtaja jina mezani, sijitetei kwa mtu.

Ukiwa na kurasa za kutosha, usingoje zikamilike. Chapisha, mpe kila mtoto nakala yake, nyingine wapelekee walimu wenzake. Acha kurasa tupu mwishoni na uwaombe waandike kwa mkono. Walimu wenzake waliirudisha yetu ikiwa imejaa, na karatasi za ziada zimebandikwa nyuma.