Kuandika neno na kuchora jahazi kwenye kofia ya viua

Aleikum salaam ndugu yangu. Umeuliza vipi utie neno LAMU mbele ya kofia ya viua, yaani vitundu vilivyozungushiwa uzi, na majahazi yaizunguke, bila jahazi la mwisho kukatika kwenye mshono. Jibu liko kwenye hesabu, kabla hujashika sindano.

Chukua karatasi ya miraba, kila mraba uwe kiua kimoja cha milimita 4. Kichwa cha sentimita 56 kinakupa miraba 140. Herufi zifanye miraba 5 kwa upana na 8 kwa urefu, mraba mmoja kati yake: LAMU itakula 23. Zimebaki 117. Jahazi moja na nafasi yake lipe miraba 14, yawe manane, manne kila upande. Hiyo ni 112. Ile 5 iliyobaki, 2 iache kulia kwa neno, 2 kushoto, na 1 nyuma penye mshono. Usitie majahazi tisa hata ukiyabana yakaenea, maana la tano litaangukia mshono.

Ukanda wa kuzunguka kichwa, wa sentimita 8, una miraba 20 kwa urefu. Miwili ya juu na miwili ya chini ni ya mnyororo, kama ule wa fremu za milango yetu ya kuchonga. Neno likae katikati, miraba 4 juu yake na 4 chini.

Tanga ndilo linalosumbua. Mstari wa mshazari kwa viua hutoka ngazi-ngazi. Panda mraba mmoja kwa mmoja, au miwili kwa mmoja, basi. Mwinamo mwingine wowote utaonekana umevunjika. Jahazi lishone mzingo tu, tumbo lake liache tupu. Herufi ndizo za kujaza viua, kwa sababu nyeupe juu ya nyeupe husomeka kwa kivuli cha tundu. Kwa hiyo tundu lipenye bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, na bitana, zote mbili.

Bafta iloweke na uikaushe kwanza, la sivyo itapungua ukubwa baada ya kushonwa. Piga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, matabaka mawili, chora kwa penseli, kamwe usitumie kalamu ya wino. Toboa kwa sindano nene inayosukuma nyuzi kando. Ukikata kwa mkasi, nyuzi za kitambaa zimekatika na tundu litachanika kwenye kufua. Zungushia uzi wa pamba kwa kubana sawasawa. Viua vikisongamana chini ya milimita 4, kitambaa kilicho kati yake huliwa.

Tena, viua huvuta kitambaa. Shona kumi vya majaribio upime. Tuseme sentimita 4 zimekuwa 3.8: kofia ya 56 itatoka 53 na haitaingia kichwani. Hapo chora miraba ya milimita 4.2.

Kipenyo cha duara la juu ni 56 gawa kwa 3.14, karibu sentimita 17.8, ongeza 1 kila upande ya kushonea. Ligawe mara nane.

Ukipenda herufi za Kiarabu, nukta moja ni kiua kimoja, na matundu ya mim na waw yapanue, vinginevyo yataziba. Jina la Mwenyezi Mungu usiliandike. Kofia huingia nayo mtu hadi chooni.

Na kama ni ya Maulidi, anza miezi kabla. Kazi hii haikimbizwi.