Muulize Mwalimu: Kijito cha nyuma ya kiwanja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeonyeshwa kiwanja Tabata Kisiwani na bei imenipendeza. Nyuma yake kuna kijito ninachokivuka kwa hatua sita tu, wala magoti hayalowi. Dalali anasema ule ni mtaro, mto wenyewe ulishahama zamani. Mzee mmoja jirani anasema ndiyo Msimbazi huohuo. Nimwamini nani? Na mto huo una historia gani hasa?
Msomaji wako, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwamini mzee. Dalali ana haraka ya kula cha juu, mzee hana anachouza. Halafu hebu jiulize, mbali yote hiyo na bahari, kwa nini pakaitwa Kisiwani.

Huo ni Msimbazi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Daraja la Salenda, kati ya Upanga na Oysterbay. Safari nzima ni kilometa 35 hivi. Njiani unapokea maji ya Mto Ubungo, na huko chini Mto Sinza. Kwa hiyo mvua ya Ubungo, ambayo wewe hukuiona wala kuisikia, inakuja kuwasalimia watu wa Jangwani.

Nilifundisha jiografia miaka thelathini, na kila mwaka niliwapeleka kidato cha pili darajani Kigogo na kamba ya katani. Swali lilikuwa moja: mto huu una upana gani? Wanapima maji, wananiletea mita tano, mita saba. Nawaandikia kosa. Wananung'unika. Ndipo nawapandisha kingo hadi kwenye nyumba zenye mstari wa tope ukutani, nawaambia wapime kutoka mstari huu hadi mstari wa nyumba za ng'ambo. Kamba haikutosha hata siku moja. Mto ni bonde zima, mwanangu. Hicho ulichokivuka ni mahali mto unapolala wakati wa kiangazi.

Bonde lenyewe ni kubwa kuliko maji yake, na hapo ndipo historia inapokuwa tamu. Miaka elfu 20 hivi iliyopita, barafu ilipofunika nchi za kaskazini, bahari ilishuka mita 120 au zaidi. Mito ya pwani yetu ikalazimika kuchimba chini ili kuifuata. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, ikaingia ndani ya mabonde hayo. Bandari yetu ya Dar es Salaam ni bonde la mto lililozamishwa namna hiyo, na lango la Msimbazi lenye mikoko pale Salenda ni ndugu yake mdogo. Baadaye mto ukaanza kulijaza bonde kwa mchanga kutoka vilimani, kidogokidogo, masika baada ya masika. Tambarare ya Jangwani ni kazi ya mto wenyewe. Ndiyo maana naudhika nikisikia watu wanasema maji “yamevamia” Jangwani.

Bahari nayo ina neno lake. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa kwetu hupita mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mlango umefungwa: mto unasukuma, bahari inasukuma, na anayebanwa ni mtu wa bondeni. Ongeza mabati, saruji na lami kutoka Kimara hadi Kinyerezi. Maji ambayo zamani yalinywewa na mashamba sasa yanateremka yote kwa pamoja.

Desemba 2011 nilisimama Magomeni Mapipa nikitaka kuvuka Jangwani kwenda eneo la Fire. Hapakuwa na barabara. Palikuwa na ziwa la rangi ya chai ya maziwa, na makochi yanaelea. Mvua ile ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki, na wengi walionusurika walipewa viwanja Mabwepande. Baadaye, pamoja na yote hayo, karakana ya mabasi ya mwendokasi ikawekwa palepale Jangwani, na mabasi yakaonja maji. Kisha likapangwa daraja jipya la juu la mita 390. Angalau safari hii wamepima bonde, hawakupima maji.

Pale Salenda, daraja la kwanza lilijengwa 1929, likapewa jina la John Einar Selander, mkuu wa kazi za umma wakati huo. Sisi tukalitamka tulivyoweza. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 limepita juu ya bahari yenyewe, kando yake.

Watani wa jadi nao wameugawana mto huu. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, ingawa jina wamelitoa mtaani Kariakoo. Yanga ndio Wanajangwani, na uwanja wao wa Kaunda ndio unaojaa maji. Mimi sisemi nashabikia wapi.

Turudi kwenye kiwanja chako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wanaochorewa X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa, wanaijua. Nunua kamba ya mita 60, anza ukingoni (si majini), tembea kuelekea kiwanjani. Kisha mwombe yule mzee akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2011, na usimpe dalali nafasi ya kujibu kwa niaba yake. Ukimaliza kupima, niandikie kamba imeishia wapi.