Shaba ya Chile si ndugu wa shaba ya Katanga

Mkuu, umeuliza kama shaba ya mgodi wa Chuquicamata, Chile, ilitokea kama ya Katanga kule Kongo (DRC). Hapana. Ya Katanga imo kwenye miamba ya mashapo, yaani mchanga na tope vilivyogandamana kuwa mwamba. Ya Chile imetokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Magma yenye maji mengi ikianza kuganda kilomita chache chini ya ardhi, inayatoa maji hayo yakiwa na chumvi, salfa na shaba iliyoyeyuka. Presha inapasua mwamba, maji yanajipenyeza kwenye nyufa. Utamu uko hapa: yakipoa hadi nyuzi 400 hivi za Selsiasi, shaba inashikana na chuma na salfa kuwa madini yaitwayo kalkopiriti. Ukitazama kipande cha mwamba huo kwa karibu, utaona mishipa myembamba ya kwatzi (madini magumu, mara nyingi meupe) ikikatizana, na vipunje vya manjano vinavyong'aa ndani yake. Shaba yenyewe mara nyingi haifiki asilimia 1 ya mwamba, ndiyo maana shimo la mgodi huo ni kubwa vile.