Rubani Anayemaliza Vita Peke Yake: Majibu ya Barua za Wasomaji

Barua za mwezi huu zimenipa raha, maana karibu zote zimetoka kwa watu wanaojitungia vitu vyao. Kwa aliye mgeni hapa: tunazungumzia michezo ya mezani ambayo kila mchezaji anashika mhusika mmoja, mwendesha mchezo anashika ulimwengu wote uliobaki, na dadu inaamua pale maneno yanapogonga mwamba. Ulioanzisha yote ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Fani za wahusika, yaani mpiganaji, mwizi, kasisi na wengineo, wachezaji wetu wanaziita klasi, nami nawafuata. Ngazi ni kiwango cha uzoefu wa mhusika, kuanzia ya 1.

Shikamoo dada. Nimetunga klasi yangu, Rubani, anayeamrisha pepo za bahari. Ngazi ya 1 anaita upepo unaowaumiza maadui wote walio ndani ya futi 30, dadu 4 za pande 6, bila kikomo. Wenzangu wanasema wamechoka kuwa watazamaji. Nipunguze dadu ziwe 2? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mdogo wangu. Jina la Rubani nimelipenda mno, ndiyo maana sitaki uliharibu. Tuanze na hesabu.

Dadu ya pande 6 hutoa wastani wa 3.5, kwa hiyo dadu zako 4 ni 14. Goblin, adui mdogo wa wanaoanza, katika toleo la mchezo la 2014 ana pointi 7 za uhai. Mpiganaji wa ngazi ya 1 mwenye upanga wa dadu ya pande 8 na nyongeza ya 3 anaumiza wastani wa 7.5, tena adui mmoja, tena upanga ukipata. Mwizi akivizia anaongezewa dadu 1. Mpira wa moto, ule wa dadu 8, mwanazuoni (nitaeleza chini kwa nini sisemi mchawi) anaupata ngazi ya 5, na anaweza kuurusha mara 2 kabla ya kupumzika. Sasa punguza dadu zako ziwe 2: wastani ni 7, na goblin ana 7. Wenzako bado watakaa wakitazama.

Kwa hiyo weka dadu pembeni kidogo, unijibu: rubani hufanya nini? Chombo ni cha nahodha. Rubani ndiye anayejua mwamba uko wapi kwa rangi ya maji, anayesoma nyota, anayewafikisha wengine salama. Klasi yako inamfanya askari wa mizinga. Mchezaji aliyechagua Rubani, zamu yake ikifika, anapaswa kufanya kitu ambacho rubani tu angekifanya.

Jaribu hivi. Katika zamu yake anampa mwenzake mmoja "tanga": mwenzake huyo anasogea futi 15 papo hapo, na adui aliye karibu naye hapati nafasi ya kumpiga anapoondoka. Matumizi yawe sawa na nyongeza ya ustadi, ambayo ni 2 ngazi ya 1 na hufika 6 ngazi ya 17, na yarudi akilala usiku mzima. La pili: alfajiri anatupa dadu ya pande 20 mara moja, anaiandika kwenye kikaratasi mbele ya wote, na kabla ya kulala anaweza kuitumia badala ya dadu ya mtu yeyote, kabla mtu huyo hajatupa. Katika toleo hilohilo la 2014, mwanazuoni wa ubashiri ana dadu 2 za namna hii tangu ngazi ya 2, basi 1 kwa Rubani ngazi ya 1 haimwonei mtu.

Mezani kwetu tulijaribu kitu cha karibu na hiki. Ilipofika raundi ya tatu, kijana mwenye mpiganaji, amezingirwa pande zote, aliinua kichwa akasema, "Rubani, nipe tanga!" Sauti ile ndiyo ninayoitafuta kila ninapotunga klasi: mtu kumwita mwenzake kwa fani yake. Andika ngazi ya 1 hadi ya 3 tu, cheza mapigano matatu, kisha ndiyo uendelee.

Salaam aleikum. Nimeandika ulimwengu wa visiwa unaofanana na Kilwa ya zamani. Nina kurasa 43 za nasaba ya masultani. Nilipowasomea wachezaji, mmoja alilala. Nifupishe wapi? (Jina kapuni, Mombasa)

Waaleikum salaam, kaka. Usizitupe; zifunge kabatini, zitakufaa siku mchezaji akiuliza kaburi lile ni la nani. Ila kikao cha kwanza hakianzi na nasaba. Kinaanza na jambo linalombana kila mtu asubuhi ile, na pwani yetu inalo tayari: upepo.

Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na India kuanzia karibu na Desemba. Kusi huyarudisha, kuanzia Aprili hivi. Mfanyabiashara aliyekawia kukusanya mali yake akakosa msimu, anabaki miezi. Anahitaji nyumba, anakopa, anaoa, anagombana. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini, imefika, naye mwenye chombo hataki kungoja. Hapo una deni, harusi na wizi kabla hujamtaja sultani hata mmoja. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuja na upepo huohuo. Kwa hiyo chora kalenda kabla ya ramani: wiki ngapi zimebaki kabla upepo haujageuka? Ibandike ukutani, na kila kikao ufute wiki moja mbele ya wachezaji.

Na leta kitu cha kushika. Mimi niliwahi kuweka mezani kamba ya makumbi, urefu wa mkono, ile ngumu inayochoma vidole. Nikawaambia mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, hauna msumari. Mbao zimeshonwa kwa kamba kama hii, na tanga lake ni mkeka. Binti mmoja aliizungusha kidoleni, akanyamaza, kisha akauliza, "Nikiingia kwenye mtepe wao usiku nikakata mishono ya upande mmoja, watatukimbiza na nini?" Usiku mzima ulikwenda kwenye swali lile. Kurasa zangu za historia hakuna aliyezihitaji, nami niliona fahari.

Mama alinisikia nikisema "mimi ni mchawi wa ngazi ya 3", akakusanya dadu zote. Nimweleze nini? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mwanangu, mama alisikia sawasawa. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayemdhuru jirani yake usiku, na wewe umetamka kwamba ndiye wewe. Kosa ni la tafsiri. Yule wa kwenye mchezo anayepata nguvu kwa kusoma kitabu, mwite mwanazuoni. Aliyezaliwa nazo, mwite mwenye karama. Aliyezipata kwa kupatana na kiumbe fulani, mwite mwenye agano. Majina haya yanaeleza klasi vizuri zaidi, kwa sababu yanasema nguvu imetoka wapi. Na usiingize mchezoni majina ya majini wala dua ambazo watu wa nyumbani kwenu wanaziogopa au kuziheshimu kweli, tunga yako. Kisha mwombe mama akae nanyi kikao kimoja, umpe yeye dadu atupe.

Je, naweza kuuza klasi niliyotunga? (Msomaji, Arusha)

Unaweza. Januari 2023 Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huo, waliweka waraka wa kanuni za msingi, toleo 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons inayokutaka utaje chanzo. Nakili tamko la kutaja chanzo lilivyoandikwa, uliweke kwenye kitabu chako. Angalia jambo moja: waraka huo una tawi moja tu, yaani aina ndogo ndani ya klasi, kwa kila klasi, na kwa mwanazuoni tawi hilo si la ubashiri. Kwa hiyo msomaji wangu wa Tanga, ukifika siku ya kumuuza Rubani, ile dadu ya alfajiri iandike kwa maneno yako mwenyewe.