Kwa nini sikumtoa Bibi yako

Mwanangu,

Swali lako la Jumapili sikulijibu kwenye simu kwa sababu mama yako alikuwa karibu, na jambo hili bado linamliza. Uliuliza: "Baba, korona ilipoingia, kwa nini hukumtoa Bibi kule kwenye makao ya wazee ya masista ukamleta nyumbani? Chumba changu si kilikuwepo?"

Chumba kilikuwepo. Lakini ikumbuke nyumba yetu hapa Moshi ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Mtanzania aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, siku moja kabla akitokea Ubelgiji, akalazwa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, vyuo vikafuata. Haikuisha wiki tukawa watu tisa: wadogo zako, watoto wa shangazi yako kutoka bweni, na wewe uliyeshinda siku nzima kwenye basi la kutoka Dar. Mimi dukani napokea noti kutoka kila mkono, mama yako sokoni, choo ni kimoja. Bibi alikuwa na miaka 84, nyonga imevunjika, kifua kibovu. Kila usiku alihitaji kunyanyuliwa mara mbili au tatu. Nani kati yetu angemnyanyua bila kumpumulia usoni?

Watu walinisema, unajua. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu Wachaga kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, naye ndiye wa kuwauguza humo. Nilikuwa nimeibeba lawama hiyo tangu siku tuliyompeleka Bibi kule. Korona ilipokuja masista wakafunga lango, wageni wasiingie, na watu wakapata la kuongeza: kamtupa mama yake, sasa na lango limefungwa.

Mwishoni mwa mwezi ule nilisoma habari ya kituo kimoja cha wazee huko Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Ugonjwa uliingia humo Februari, wazee zaidi ya 30 wakafariki. Wataalamu walipochunguza walikuta kwamba baadhi ya wahudumu waliendelea na kazi wakiwa na dalili, na wengine walikuwa wanahudumia zaidi ya kituo kimoja. Niliisoma mara mbili. Kule kwetu lango lilifungwa kwa sisi watoto, sawa, lakini anayemlisha Bibi kijiko kwa kijiko ameshuka kwenye daladala gani asubuhi hii?

Nikampigia sista mkuu nikamuuliza wahudumu wanalala wapi. Akasema wanne wanalala ndani, watatu wanatoka Pasua na Majengo. Hakunificha, na ndiyo maana nilimwamini. Tukatafutana familia za wazee wale, tukachanga magodoro, unga, mafuta ya kupikia na nyongeza ya mshahara, na wale watatu wakakubali kuhamia ndani. Mmoja alimwachia mama yake mtoto wa miaka miwili. Alikaa kule miezi mitatu. Unisikie vizuri hapo, mwanangu: mtoto wa mtu mwingine alimkosa mama yake ili mama yangu asiugue.

Kwa hiyo hapana, nisingemtoa. Hilo silijutii hata leo.

Ninachojutia ni kingine. Bibi mwenyewe hakuna aliyemweleza. Sisi tulikuwa tunajadiliana na masista, tunachanga, tunapeleka magunia hadi langoni, tukaona tumefanya kila kitu. Yeye alichokiona ni kwamba Jumapili ya kwanza sikuja, ya pili sikuja, ya tatu sikuja. Simu alikuwa hasikii. Wahudumu nao wamevaa barakoa, na yeye miaka yote alikuwa anasoma midomo bila sisi kujua. Wiki ya nne akaacha kula. Sista akanipigia akiwa na hofu, kwa sababu kwa wazee ugonjwa ule unaweza usilete homa wala kikohozi. Mzee anachanganyikiwa tu, anakataa chakula, au anaanguka. Wakamtenga chumba cha peke yake, madirisha wazi. Siku zile tano sikulala. Haikuwa korona. Alimwambia sista, "Mwanangu wa mwisho amenitupa, nile cha nini?"

Nilipanda asubuhi ile hadi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, nikakata jani la sale, ule mmea tunaopanda mpakani, nikalifunga fundo kama baba alivyonifundisha. Unajua mtu akikuletea sale kwetu amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Nilisimama nje ya uzio, sista akalipokea akampelekea barazani, kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nikashusha barakoa, maana nilikuwa mbali, hatua kama kumi na tano, nikasema kwa midomo mikubwa, taratibu: "Mama, kuna ugonjwa. Sijakutupa." Akalishika lile jani muda mrefu bila kunitazama. Kisha akauliza habari za mfereji wetu wa kumwagilia shamba, kwa sauti ya kugomba kabisa, "Na maji ya mfongo, anayafungulia nani?"

Nikamjibu ni mimi. Mchana ule alikula ndizi.

Kuanzia hapo nilikwenda uziani kila Alhamisi na kila Jumapili hadi lango lilipofunguliwa. Nikaandika kwa kalamu nene kwenye maboksi ya dukani, asome mwenyewe: WATOTO WAZIMA. NG'OMBE KAZAA. Agosti 2021 chanjo zilipofika huku nilikuwa nimesimama karibu yake anapochomwa, na alipofariki mwaka uliofuata alikuwa nyumbani, mkono wake mkononi mwangu, kama unavyojua. Lakini zile wiki nne hakuna wa kuzirudisha. Ningeweza kwenda uziani tangu siku ya kwanza. Uzio haukuwa umekatazwa. Sikufikiri tu.

Ukija Desemba nataka twende wote pale kwa masista. Yule mama aliyehamia na kuacha mtoto bado yuko, na mtoto wake sasa yuko darasa la kwanza. Mimi nimeshamshukuru mara nyingi. Wewe hujamwona hata mara moja. Mletee kitenge kizuri kutoka Dar, na mtoto mnunulie viatu vya shule.

Baba yako