Nyimbo za kwenda na kitabu cha Mhubiri: jibu kwa mleta mada wa Lindi

Mleta mada, umesema kikundi chenu cha vijana hapo Lindi mjini kinaanza kusoma Mhubiri, na unatafuta nyimbo za kawaida, za dansi na bongo fleva, za kupiga kila mnapomaliza sura. Mimi naongoza kikundi cha aina hiyo Masasi na Mhubiri tumeshaumaliza kwa mtindo huo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Usichague wimbo kwa kuwa unamtaja Mungu, wala kwa kuwa maneno yake yanafanana na ya sura. Tafuta unaouliza swali lile lile la sura, halafu ukalijibu kivyake. Kuna Turn! Turn! Turn! wa Pete Seeger, ambao The Byrds waliufikisha namba moja Marekani mwaka 1965. Maneno yake karibu yote yametoka sura ya 3: wakati wa kulia na wakati wa kucheka, wakati wa kuomboleza na wakati wa kucheza. Wimbo mtamu sana, lakini ukiisha mnakuwa mmesomewa sura mara ya pili tu. Tena ni Kiingereza, nusu ya kikundi wataishia kutikisa kichwa.

Sasa chukua Kifo wa Dk. Remmy Ongala. Sura ya 7 inasema ni heri kuiendea nyumba ya matanga kuliko nyumba ya karamu, na vijana wakifika hapo huwa wanapita haraka. Piga Remmy, uone. Mhubiri anaona msiba unafundisha. Remmy anakilalamikia kifo bila kuficha. Waulize: nani kati yao anasema kweli? Kwetu mjadala uliwaka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunalala hapo. Wakishabishana vya kutosha, ndipo uwaambie kwamba Remmy mwenyewe aliokoka akawa anaimba injili, hadi alipofariki mwaka 2010. Ukiwaambia mwanzoni, watampa Remmy jibu la dini kabla hawajamsikiliza.

Sura ya 5 isogeze mpaka malipo ya korosho yaingie. Sisi tuliisoma katikati ya msimu, nikapiga wimbo wa zamani wa dansi kuhusu ndugu wanaokujia ukiwa nazo. Ubeti wa pili haujaisha, mama mmoja mwenye shamba upande wa Newala akasema, "Zima kidogo, mwanangu, turudi pale kwenye walaji." Ni mstari wa 11: mali yakiongezeka, hao walao nao huongezeka. Akaanza kuhesabu kwa vidole waliompigia simu wiki ile, shangazi, wapwa, jirani wa zamani, na kila jina watu wanaitikia kwa sababu kila mmoja ana orodha yake. Wimbo hatukuuwasha tena. Ulishafanya kazi yake.

Jambo moja naliona likikosewa sana: watu wanauchukua Mhubiri kama kitabu cha huzuni tupu, wanajaza nyimbo za kulia mwanzo mwisho. Hebu angalieni 2:24, 3:12, 5:18, 8:15 na 9:7. Kila mara anarudia: kula, kunywa, ufurahie kazi yako. Sura ya 9 inataka wimbo wa kuchezeka kwelikweli, hata singeli, na watu waachwe wacheze. Kwingine singeli inakimbia mno, maneno hayashikiki.

Vijana watakudai Harmonize kwa kuwa ni mtoto wa Mtwara. Mpige pale wimbo wake unapogusa sura. Asili yake peke yake haitoshi.

Wazee wakikuuliza muziki wa dunia unafuata nini kwenye Neno, wakumbushe historia ya huku kwetu. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi iliyoanzishwa 1926, hakuifuta jando. Aliingiza sala ndani yake, akaondoa aliyoyaona hayafai, jando ikaendelea chini ya kanisa. Kwetu mfano huo ulituliza maneno, maana baadhi ya hao wazee walipita humo.

Kiutendaji: soma sura kwanza, wimbo baadaye, upige mara moja tu, kisha kila mtu ataje mstari wa Biblia uliomjia akiwa anasikiliza. Nyimbo zipakue nyumbani, usitegemee bando. Na sura ya 12, ile inayouchora uzee kwa mfano wa walinzi wa nyumba kutetemeka, waachie wazee wachague.

Iliyonishinda mpaka leo ni sura ya 2. Jamaa anajenga majumba, anapanda mizabibu, anajikusanyia dhahabu na waimbaji wa kike na wa kiume, halafu anachukia yote. Mkiipatia wimbo hapo Lindi, uandike humu, nauhitaji.