Re: Mtutu wa inchi 10.3 au 11.5?

Ndugu, umesema uko Texas, unataka kujenga AR (bunduki ya aina ya AR-15) fupi ya risasi za 5.56 kwa uwanja wa shabaha na nguruwe pori, na unasita kati ya inchi 10.3 na 11.5. Chukua 11.5, wala usihangaike.

Sababu ni gesi. Risasi ikishapita tundu la gesi (tundu dogo kwenye mtutu linalorudisha gesi nyuma kuendesha bunduki), inabaki na kipande kifupi cha mtutu kabla ya kutoka mdomoni. Kwenye 10.3 kipande hicho ni kifupi mno, kwa hiyo watengenezaji hupanua tundu ili bunduki ijipakie risasi inayofuata vizuri. Matokeo yake teke ni kali na vipuri vinachakaa mapema. Ile inchi moja na kidogo inatuliza mambo, na inakuongezea kasi ya risasi, kitu ambacho 5.56 inakitegemea sana. Mlio na mwako vitakuwepo tu, vaa kinga ya masikio, hasa chini ya paa.

Ukitaka fupi kweli, kama inchi 9, basi hamia .300 Blackout, aina nyingine ya risasi. Baruti yake huungua karibu yote humo ndani.

Msokoto wa mifereji ndani ya mtutu: 1:7 (mzunguko mmoja kila inchi 7) inabeba hata risasi nzito za greni 77 (greni ni kipimo cha uzito).

Ila usifunge mtutu wowote chini ya inchi 16 kwenye bunduki yenye kitako cha begani kabla ATF (idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha) hawajaidhinisha Fomu 1 yako, yaani ombi la kutengeneza bunduki fupi. Sheria hiyo ni ya tangu 1934 na kuivunja ni kosa la jinai. Mimi nilisubiri, mtutu ukakaa kwa shemeji.